Waache Wamalize Ugomvi Wao

Mwanangu, kaa kidogo. Chai bado ina moto, na hiyo simu ilaze. Jana usiku nilikusikia barazani ukipiga hesabu na rafiki yako. Televisheni ya inchi 65, malipo ya mwanzo kiasi fulani, yaliyobaki ukatwe kwenye mshahara miezi 18. Ulikuwa unasema mbiombio, kama mtu anayeogopa duka litafungwa usiku uleule. Sikuingilia. Kijana hasemezwi mbele ya mwenzake. Lakini nilipokwenda kulala usingizi haukuja upesi, kwa sababu sauti ile naijua. Niliwahi kuwa nayo mimi.

Ngoja nifungue kabati. Unaliona kasha hili jekundu? Fupi kidogo kuliko kasha la DVD, na juu yake pameandikwa HD DVD. Ninayo 19. Itoe diski uitazame. Haina mkwaruzo hata mmoja. Ukiielekeza dirishani unaona uso wako. Sasa itie kwenye deki yoyote utakayoikuta hapa Unguja, au Dar, au Muscat. Itaizungusha, itasitasita, kisha itaitema. Mashine yangu ya kuisoma ilizimika mwaka 2014, na fundi niliyempelekea alinirudishia hivyohivyo, kipuri hakupata. Diski nimezibeba toka Marekani hadi hapa kwa sababu nilijua iko siku nitataka uzishike mkononi.

Miaka hiyo nilikuwa Columbus, Ohio. Wewe na mama yako mlikuwa huku. Nilifanya kazi ghalani, zamu ya usiku, kupakia maboksi mpaka alfajiri. Asubuhi nalala, jioni naangalia filamu kabla ya kutoka tena. Baridi ya kule humfungia mtu ndani, na mtu aliye mbali na watu wake huifanya televisheni kuwa ndugu. Nilikuwa na deki ya DVD nzima kabisa. Nakuomba uliweke akilini hilo. Hakuna kilichokuwa kimeharibika. Hakuna nilichokuwa nimekikosa.

Mwaka 2006 zikaingia sokoni diski mbili mpya, zikifuatana. HD DVD ilifika Marekani Aprili, Blu-ray ikaja Juni. Zote ziliahidi picha safi kuliko DVD, na ahadi ilikuwa ya kweli. Ziliwezekana kwa sababu ya mwanga wa buluu. Alikuwako mhandisi mmoja, Shuji Nakamura, akifanya kazi katika kampuni ya Nichia huko Shikoku, kisiwani, kama sisi hapa. Miaka ya 1990 alifaulu kutengeneza taa ndogo ya buluu yenye nguvu, kisha leza yake, jambo ambalo wengi walikuwa wamelikatia tamaa. Mwaka 2014 yeye na wenzake wawili walipewa Tuzo ya Nobel kwa taa hiyo. Ukitaka kujua leza ya buluu ina faida gani, chukua kalamu nene na kalamu ya ncha nyembamba. Karatasi ni ileile, lakini ya pili itakuandikia maneno mengi zaidi. DVD ya tabaka moja ilibeba gigabaiti 4.7. HD DVD ikabeba 15, Blu-ray 25. Picha ya DVD ya Marekani ina nukta 720 kwa 480. Hizi mpya zilikuwa na 1920 kwa 1080. Piga hesabu mwenyewe, utaona ni mara 6.

Utaniuliza, kama mwanga ni mmoja, diski zilikuwa mbili za nini? Nami nilijiuliza, ila nilijiuliza nimeshachelewa. Toshiba, wenye HD DVD, waliweka maandishi ya diski yao kina kilekile cha DVD, milimita 0.6 ndani ya plastiki, ili viwanda vilivyokuwapo viweze kuitengeneza bila gharama kubwa. Sony na wenzao waliyaleta karibu kabisa na uso, milimita 0.1. Hiyo ilidai mitambo mipya, lakini ilibeba zaidi. Kila upande ulikuwa na hoja ya mtu mwenye akili. Na walikuwa wamewahi kugombana hivyohivyo kabla DVD haijazaliwa, wakakubaliana mwaka 1995, ndiyo maana DVD ilikuja moja, ikaingia kila nyumba. Mwaka 2005 wakakaa tena wazungumze. Safari hii hawakuafikiana.

Kampuni za filamu nazo zikagawana. Disney na Fox wakaenda Blu-ray, pamoja na filamu za Sony wenyewe. Universal wakabaki HD DVD. Paramount walitoa kote kuwili, kisha Agosti 2007 wakachagua HD DVD peke yake. Warner nao walikuwa kote kuwili. Maana yake ilikuwa hivi: ukinunua mashine moja, nusu ya filamu zimekufungia mlango. Ni kama kuuziwa sufuria inayopika wali lakini haikubali pilau.

Pale ghalani alikuwapo mama mmoja wa Mombasa, mkubwa kwangu kwa kama miaka kumi. Usiku mmoja wakati wa mapumziko nikamweleza habari hizi kwa shauku kubwa, nukta, leza, gigabaiti. Alinisikiliza huku anamenya chungwa, ganda likishuka refu bila kukatika. Nilipomaliza akasema, "Mdogo wangu, waache wamalize ugomvi wao. Wakishamaliza watakuja kuniuzia kwa bei ya kutaka radhi."

Nilimwona amepitwa na wakati. Mungu anisamehe.

Novemba 2007 bei zikaanguka. Deki ya kwanza ya HD DVD ilikuwa imeanza kwa dola 499, na ya kwanza ya Blu-ray, ya Samsung, kwa dola 999. Tarehe 2 Novemba maduka ya Walmart yakaitoa deki moja ya HD DVD ya Toshiba kwa dola 98.87. Watu walipanga foleni. Mimi nilitoka zamu, nikafika nimechelewa, zimekwisha. Moyo ukaniuma kama niliyeibiwa kitu changu. Wiki haikuisha, nikaingia duka jingine nikanunua kwa karibu dola 200.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo, mwanangu. Bei ikianguka ghafla namna ile, jiulize muuzaji anakimbia nini. Mimi sikujiuliza. Niliona tu kwamba nimepitwa na ya kwanza, basi nisipitwe na hii. Na kile ninachokiita haraka, wakati ule nilikiita ujanja.

Kijana aliyeniuzia alikuwa mpole. Akaniambia ukiinunua utajaza fomu, utatumiwa filamu tano za bure kwa posta. Nilimuuliza maswali mengi, nikijiona mnunuzi hodari. Nilimuuliza picha ina mistari mingapi, spika ngapi, dhamana ya muda gani. Lakini sikumuuliza nani ataendelea kutengeneza filamu za mashine hii mwaka ujao. Pengine asingejua. Ila ningeliuliza hilo, ningelisikia mwenyewe ukimya wake.

Nyumbani nilifungua boksi kama mtoto siku ya Idi. Ndani mlikuwa na waya wa vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe. Nikachomeka rangi kwa rangi. Mashine zile za mwanzo zilikuwa nzito kuamka. Unabonyeza, unangoja karibu dakika nzima ndipo inapokea diski. Nikangoja. Picha ikaja. Nikakaa kwenye kochi nikaanza kujiambia, tazama majani yale, tazama ndevu za yule mzee. Nilijilazimisha kuona. Wiki tatu nilijilazimisha. Hata mashuka nilitundika dirishani ili chumba kiwe giza.

Siku moja akanitembelea kijana wa Tanga aliyekuwa akisoma chuo pale mjini. Akachungulia nyuma ya televisheni, akarudi, akaniuliza kwa adabu sana, "Mjomba, mbona umetumia waya wa njano? Huo hauwezi kupitisha picha yote."

Alisema kweli. Waya wa njano haubebi mistari 1080. Wiki tatu zile nilikuwa naangalia picha ya kiwango cha DVD, nikiisifu. Nikaenda kununua waya wa HDMI, picha ikabadilika, na sitakudanganya, ilikuwa nzuri. Tone la mvua kwenye kioo cha gari ulilihesabu. Lakini televisheni yangu ilikuwa inchi 32, na kochi liko mita tatu na nusu. Kwa umbali ule, kwa kioo kile, jicho la binadamu haliwezi kuchukua yote uliyolipia. Watu wengi wa Marekani waliliona hilo wakabaki na DVD zao. Hawakuwa wajinga. Deki ilikuwa inafanya kazi, diski zimejaa kabatini, na tofauti haikuwashitua kama walivyoshituka walipotoka kwenye mkanda kwenda DVD. DVD iliwaondolea kurudisha mkanda nyuma, ikawaondolea mkanda kutafunwa. Hizi mpya ziliwaongezea ukali wa picha tu.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijawahi kukuambia. Desemba ile nilituma nyumbani nusu ya fedha nilizozoea kutuma. Mashine, waya, diski sita kwa kati ya dola 25 na 30 kila moja. Nilimwambia mama yako kwamba saa za kazi zimepunguzwa. Hakuuliza. Miaka mingi baadaye, tumekaa hapahapa, ndipo aliponiambia kwamba mwezi ule ada yako ya chekechea aliikopa kwa jirani. Hakulisema kwa hasira. Alikuwa anachambua mchele. Nami nilikuwa nimekaa mkabala naye, na makasha haya mekundu yako kabatini nyuma yangu.

Januari ilipoingia mambo yakaenda upesi. Ijumaa ya tarehe 4 Januari 2008 Warner walitangaza kwamba wataacha HD DVD na kubaki na Blu-ray. Hao ndio waliokuwa wakiuza filamu nyingi kuliko studio yoyote, kwa hiyo walipoondoka waliondoka na dari. Siku mbili baadaye kundi la HD DVD lilikuwa na mkutano na waandishi huko Las Vegas. Likaufuta. Tarehe 11 Februari Netflix, ambao wakati huo walikuwa wakikodisha diski kwa njia ya posta, wakasema watachukua Blu-ray tu, na maduka ya Best Buy yakaanza kuwashauri wateja hivyohivyo. Tarehe 15 Walmart wakafuata. Jumanne, tarehe 19 Februari, Toshiba wakatangaza kwamba wanaacha kutengeneza. Tangu tangazo la Warner zilikuwa zimepita siku 46. Deki yangu haikuwa na miezi minne.

Haikufa siku ile. Nataka uelewe hilo, maana vijana mnadhani kitu huisha kwa kuzimika. Jioni ile niliiwasha ikawaka vizuri, ikacheza vizuri. Kilichokuwa kimekatika ni mkono uliokuwa ukiilisha.

Na kosa la kwanza halikunitosha. Maduka yakaanza kumwaga diski zilizobaki, dola tano, dola sita. Nikarudi nikanunua nyingine 8. Nilijidai naokoa hasara. Mtu aliyepoteza huwa hataki kukaa kimya na hasara yake, anaizungushia matumizi mengine ili isionekane. Ukijiona unafanya hivyo, toka dukani, hata kama umeshika kitu mkononi kirudishe uende.

Dalili zilikuwepo zote, tena wazi. PlayStation 3 ilitoka Novemba 2006 ikiwa na Blu-ray ndani yake. Mtoto aliomba mashine ya michezo, na bila mzazi kukusudia, nyumba ikapata deki ya filamu. Mwaka mzima wa 2007 Blu-ray iliuza karibu diski mbili kwa kila moja ya HD DVD kule Marekani. Magazeti yaliandika. Niliyasoma. Niliyaruka yale yasiyonipendeza.

Na mimi funzo hilo nilikuwa nimeshapewa utotoni, hapahapa Unguja. Ami alirudi kutoka Muscat mwaka 1983 na deki ya video ya Betamax, imefungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Betamax ilisifiwa kwa picha yake. Lakini mwanzoni mkanda wake ulikuwa unarekodi saa moja, wa VHS saa mbili, na watu wengi duniani walichagua zile saa mbili. Ukienda kukodisha mikanda mjini unakuta VHS rafu nzima, Betamax imekaa pembeni, michache. Tulikuwa na filamu nne za Kihindi. Tulizitazama mpaka shangazi zako wakawa wanaanza kuimba kabla mwigizaji hajafungua mdomo. Babu yako, aliyekuwa na mikarafuu yake na ng'ombe wawili, alikuja akaiangalia ile deki, akaizunguka, akamwambia mdogo wake kwa upole, "Umenunua ng'ombe, hukuuliza malisho."

Nilikuwapo. Nilisikia kwa masikio haya. Miaka 24 baadaye nikaenda kununua ng'ombe wangu.

Yule mama wa Mombasa alinunua Blu-ray mwisho wa mwaka 2009, chini ya dola 100. Hakunikumbusha maneno yake. Alinialika tu nikaangalie filamu kwake, akapika biriani.

Nami mwaka uliofuata nikanunua. Ungedhani sasa nimejifunza. Nikasikia shangazi yako aliyeko Muscat naye kanunua Blu-ray kulekule, nikachagua katuni sita za watoto wake, nikazituma. Akanipigia simu watoto wanalia nyuma. "Kaka, inasema diski si za eneo hili." Blu-ray zina kufuli za maeneo. Marekani ni A. Ulaya, Afrika na Ghuba ni B. Imeandikwa nyuma ya kasha, herufi ndogo ndani ya alama ndogo. Ningeligeuza kasha ningeliona. Sikugeuza. Na hapa nitamtetea aliyeshindwa: HD DVD haikuwa na kufuli hizo hata moja. Ungeinunua Columbus ukaitazama Muscat au Mombasa. Kwa watu kama sisi, ambao ukoo mmoja umetawanyika nchi nne, ile iliyokufa ndiyo iliyotuheshimu zaidi. Mpaka leo naamini wanunuzi tungelidai jambo hilo mapema, lisingepita kimya namna ile. Hatukudai. Tulikuwa tumeshughulika na nukta.

Lakini kilichonifanya nikose usingizi jana usiku si diski hizi.

Mwaka 2006 nilipokuja likizo, bibi yako alinipa mkanda wa VHS. Harusi ya shangazi yako mkubwa, mwaka 1991. Ndani yake babu yako anasimama kumpa nasaha bwana harusi. Alikuwa ameshafariki miaka minane, na hakuna mahali pengine popote sauti yake imehifadhiwa. Bibi akaniambia, "Wewe uko kwenye mitambo huko. Nihamishie kwenye diski nipate kumwona." Nikaubeba kwenye mkoba wa mkononi, sikuuacha hata kwenye ndege.

Columbus, mkanda haukucheza. Wa huku umerekodiwa kwa mfumo wa PAL, picha 25 kwa sekunde. Deki za Marekani ni za NTSC, karibu picha 30. Ukiutia, unaona vivuli vinajikunja. Nikatafuta, nikapata fundi mwenye deki ya mifumo yote miwili. Bei yake dola 30. Mwanangu, dola 30. Bei ya kasha moja jekundu. Nikasema mwezi ujao. Nikauweka kwenye boksi, boksi nikalishusha chumba cha chini ya nyumba, ambako majira ya joto huwa na unyevu. Mwezi ujao ukaja, nikanunua kitu kingine.

Nilimpelekea fundi mwaka 2009. Aliufungua kifuniko mbele yangu, akaniinamishia taa. Kwenye ukingo wa utepe palikuwa na unga mweupe, kama unga uliobaki kwenye chekeche. Ukungu. Akaniambia hawezi kuupitisha hivyo, utachafua mashine na utepe utakatika. Akausafisha kwa mkono, siku nyingi, hakunitoza zaidi. Alichookoa ni dakika 22. Mama harusi anaingia, vigelegele, mtu anapita mbele ya kamera. Babu yako anasimama. Anaweka kofia yake sawa. Anainua mkono, anataja jina la mkwewe, kisha mistari inapanda kutoka chini mpaka inamfunika, na sauti inakuwa kama mvua kwenye bati.

Nilimletea bibi yako dakika hizo kwenye DVD ya kawaida, kwa sababu deki yake ilikuwa ya kawaida. Alizitazama mara tatu. Pale kofia inapowekwa sawa, kila mara alitabasamu. Kisha akasema alhamdulillahi, nimemwona. Hakuniuliza maneno yaliyobaki yako wapi. Mimi ndiye ninayejiuliza, kila nikikaa kuongea na wewe hivi, kwa sababu sijui alimwambia nini yule kijana, na leo ningependa kukuambia wewe.

Wakati mimi napigania picha safi ya watu nisiowajua, picha ya baba yangu ilikuwa inaota ukungu chini ya miguu yangu.

Walioshinda vita vile vya diski nao hawakula matunda kwa muda mrefu. Netflix walianza kupeleka filamu kwa intaneti Januari 2007, mwaka mzima kabla ya Toshiba kuacha. DVD ya zamani iliendelea kuuzwa kuliko Blu-ray miaka mingi baada ya ushindi. Mwaka 2016 ikaja Blu-ray nyingine, ya picha kali zaidi, wachache wakainunua. Septemba 29, 2023 Netflix wakatuma diski yao ya mwisho kwa posta. Februari 2025 Sony wakaacha kutengeneza Blu-ray tupu za kurekodia. Huku kwetu wengi hawakuiona Blu-ray kabisa. Watu walitoka kwenye DVD, wakaingia kwenye flashi, wakaingia kwenye simu. Sikuambii hayo ili udharau diski. Filamu iliyo kwenye diski ni yako, hata bando likiisha. Nakuambia ili ujue kwamba hata ukimchagua mshindi, miaka yake inahesabika.

Kwa hiyo hiyo televisheni yako. Sikukatazi, mshahara ni wako na umeutolea jasho. Naomba uipe miezi mitatu. Pima kwanza kutoka kiti chako mpaka ukutani. Wakikusifia 8K, waulize ni filamu gani ya 8K utakayoitia humo, wakutajie majina. Waulize programu zilizomo zitahudumiwa mpaka mwaka gani. Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya televisheni za zamani, vioo vyake vikiwa vizima kabisa. Ukipata majibu na bado unaitaka, nitakusindikiza dukani mwenyewe.

Kabla ya hapo nina ombi moja. Mkanda wa harusi yetu, mimi na mama yako, uko kwenye sanduku la mvule chini ya kitanda, umezungushiwa kanga. Ni VHS, wa mwaka 1999. Bibi yako yumo, anacheza. Iko sehemu anaongea na kamera. Nimeulizia, yuko fundi mjini ambaye bado ana deki moja inayofanya kazi, na amesema akiipoteza hiyo hana nyingine. Upeleke Jumamosi hii, mwanangu. Asubuhi, kabla jua halijawa kali. Fedha nimekuwekea chini ya kikombe.